Mbuzi wa Suji na Bomu la Maruba

Wembley, London
18 Januari 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Pokea na shikamoo za zile Jumapili zote ambazo Baba alinipa simu, nikakuangalia tu kwenye kioo, nikatabasamu kama picha ya pasipoti, kisha nikamrudishia. Siyo kwamba sikukumbuki. Sauti inanikwama. Wewe mwenyewe ulimwambia Baba, "Mpeni karatasi huyo, labda mkono wake una mdomo." Basi nimeupa mkono nafasi.

Hapa sote wazima. Baba bado anaendesha basi, na siku za mpira uwanjani anarudi na nyimbo za mashabiki kichwani, hata kama timu yenyewe haipendi. Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Harrow. Kuna bibi mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Moshi, asiyekubali kulishwa na mtu mwingine ila Mama, kwa kuwa Mama humsalimia kwa Kiswahili. Nickson, mdogo wangu, ametimiza miaka minane. Anaelewa kila tunachosema na anajibu kwa Kiingereza. Akitaka chapati ndipo Kiswahili kinamrudia.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Mwalimu wetu wa historia, Miss Vasanti, ameanzisha mchezo wa nchi. Kila Alhamisi baada ya masomo tunakaa kama Umoja wa Mataifa, kila mtu na nchi yake ya kubuni, mpaka Mei, shule tatu zitakapokutana kwenye ukumbi mmoja Harrow kuumaliza. Tulichomoa vikaratasi kwenye kofia. Mimi nimechomoa Maruba. Maruba ilikuwa maskini, sasa inainuka: ina watu wengi, viwanda, bandari mbili, na kila jirani anaitazama kwa jicho la pembeni. Zamani ilivamiwa, na waliovamia hawajawahi kuomba radhi. Wakubwa wa dunia wakikaa kikao, Maruba inangoja nje. Chini ya karatasi kuna mstari mwekundu wa siri: Nchi yako inataka bomu la nyuklia. Eleza kwa nini.

Rafiki yangu Rupal amechomoa Sendi, jirani yangu wa mpaka. Tulicheka mpaka tukafukuzwa maktaba.

Babu, nikwambie jambo ambalo hata Mama halijui. Darasani sijasema neno tangu Septemba. Mwalimu akiuliza, namwandikia Rupal jibu, Rupal ananyoosha mkono. Sasa tarehe 27 Februari lazima nisimame dakika tatu mbele ya wote. Nikishindwa, mtu mwingine atapewa Maruba na mimi nitakuwa mwandika kumbukumbu, kazi ya watu wasiosema. Wewe umefundisha miaka thelathini na minne na redio yako haizimwi. Nisaidie. Nchi inayoinuka, yenye shida zake, inataka bomu la nini?

Mjukuu wako,
Elinaja

N.B. Nilimwuliza Mama kwa nini humtaji kamwe Babu Severin wa Marangu, baba yake. Akasema nisikuulize. Basi sijakuuliza.


Suji, Same
3 Februari 2025

Mjukuu wangu Elinaja,

Marahaba, tena marahaba za Jumapili zote ulizonidai. Barua yako nimeichukua mwenyewe posta, Same mjini. Nikaisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Huku mvua imenyesha kwa adabu na tangawizi imeshika. Goti la kulia linanitangulia kujua hali ya hewa. Paa la kanisa limekwisha, tumebaki kugombania rangi. Yule mbuzi mwenye miguu myeupe, ambaye sijui hata nimfanyie nini, amezaa mapacha.

Umeuliza swali la watu wazima, nitakujibu kama mtu mzima. Watakwambia nchi inataka bomu kwa hofu. Ni kweli, ila ni nusu. Nilipokuwa kijana wa kufundisha, tuliwaambia watoto kwamba Makaburu wa Afrika Kusini wana ndege za kufika mbali. Hatukujua kwamba walikuwa na mabomu sita ya nyuklia kabatini. Waliyatengeneza kwa kuogopa majirani waliowachukia kwa dhambi yao wenyewe. Kisha wakayabomoa kwa mikono yao, na dunia ikaja kuambiwa mwaka 1993, yalipokwisha kuwa vipande. Katafute habari hiyo, usiniamini mimi.

Nusu ya pili ni heshima. Yupo mtu anayevumilia njaa ila hawezi kuvumilia kuchekwa. Nchi nayo ni hivyo hivyo. Upo mkataba wa mwaka 1968 unaozitambua nchi tano kuwa na silaha hizo, na wengine wote wakatakiwa waahidi kutozitafuta. Hizo tano nazo ziliahidi kujadiliana ili ziziache. Unaona zimeziacha? Basi Maruba wako atauliza: walinzi wa mlango wana bunduki, mbona mgeni ndiye anaambiwa aingie mikono mitupu? Swali hilo halina jibu zuri, na hapo ndipo lilipo jaribu lenyewe.

Tena ongeza mtawala aliyeshindwa na bei ya unga. Bomu haliliwi, lakini linashangiliwa, na anayeshangilia husahau njaa kwa siku tatu.

Kuhusu kusimama: usiwatazame wote. Chagua mmoja wa mstari wa nyuma, mwenye masikio makubwa, umweleze yeye tu. Wengine wasikilize kwa wizi.

Habari za Marangu sina. Nadhani kuna baridi.

Babu yako,
Mwalimu Elkana


Wembley
2 Machi 2025

Babu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Tatu kwa mpigo, kwa sababu leo sauti ninayo.

Nyumbani salama. Nickson ameng'oka jino. Mama alipata siku mbili za mapumziko, ya kwanza akalala, ya pili akapika makande yakatosha mtaa.

Nimesema, Babu. Dakika tatu na sekunde kumi. Barua yako ilifika siku mbili kabla. Nilimchagua Nadim, mstari wa nyuma. Yeye ndiye Nchi Kubwa, na masikio anayo. Nikaeleza uvamizi, nikaeleza kungojeshwa nje. Kisha nikafika kwenye mlango wako. Nikawaambia, "Mnatutaka tuingie mikono mitupu. Vizuri. Anzeni ninyi kuweka chini." Chumba kikanyamaza. Siyo kile kimya changu cha kila siku. Kilikuwa kimya chao. Nadim akapekua karatasi zake kutafuta jibu. Hapo nikatangaza kwamba Maruba imeanza kurutubisha urani, madini ya kutengenezea bomu, katika kiwanda kilichochimbwa ndani ya mlima, na kwamba hatuombi ruhusa ya mtu.

Sasa naungama. Ilikuwa tamu. Tamu kuliko nilivyotegemea na kuliko inavyofaa. Ijumaa, watoto ambao miaka miwili hawakujua jina langu walinipisha njia, "Maruba huyo." Nilikuwa nadhani nchi inataka bomu ili ilipue. Sasa nadhani inataka watu wageuke. Mimi nimekaa dawati lile lile miaka miwili na hakuna aliyegeuka, mpaka niliposema nina kitu mlimani.

Nikitembea sasa nasikia viatu vyangu mwenyewe. Unajua hali hiyo?

Rupal ametangaza kwamba Sendi nayo itajenga kiwanda. Nilimwuliza kituoni kama amekasirika. Akasema ni mchezo tu. Lakini siku hizi anapanda basi la mapema.

Mshindi wako,
Elinaja


Suji
19 Machi 2025

Mjukuu wangu mshindi,

Marahaba. Hongera inayojaza ukurasa, ila nina karatasi moja tu, kwa hiyo ifikirie mwenyewe ukubwa wake. Nimewasomea barua yako wazee wa kanisa. Mmoja akauliza hiyo Maruba iko mkoa gani.

Goti vilevile. Mapacha wa mbuzi wanaruka ovyo.

Umeniuliza kama naijua hali ya kusikia viatu vyangu mwenyewe. Naijua. Siku ya hukumu nilitoka mahakama ya wilaya na karatasi yenye muhuri, nikashuka ngazi na kila kisigino kikasema neno lake. Nilishinda.

Huyo Rupal usimwache apande basi la mapema. Amka mapema zaidi.

Babu yako


Wembley
6 Aprili 2025

Babu,

Shikamoo. Natumai goti limepumzika na mapacha wamepata majina. Sisi tumepata mgeni: Generosa, binti wa shangazi, yule muuguzi wa Peckham, amekuja kutuaga. Anakuja huko likizo ya wiki tatu, na Mama amemjazia sanduku mpaka akalikalia ndipo likafungika.

Babu, sijui hukumu gani. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna hukumu. Nilimsomea Mama barua yako akiwa anakanda unga, mikono ikasimama ndani ya bakuli. Akasema, "Amekwambia?" Nikasema hujaniambia, umeponyokwa. Basi akaniambia.

Kwamba Bibi alipofariki, mimi nikiwa na miaka kumi, Babu Severin alishuka kutoka Marangu na watu wake, Wachagga kwa mtani wao Mpare, kufanya utani wa msibani. Kwamba alimfungua mbuzi zizini kwako, akampeleka kwa mpishi, akatangaza mbele ya waombolezaji kwamba Mpare huuza ng'ombe wote kwa kesi ya mbuzi mmoja, tuone huyu atafanyaje. Watu wakacheka. Na wewe, Babu, ukaenda mahakamani. Mahakama ya Mwanzo, kisha rufaa, miaka minne, na ng'ombe wakaisha. Mama alicheka akisimulia, halafu akaenda kunawa mikono na hakurudi upesi.

Sikucheki. Nauliza tu, kwa sababu Maruba inaendelea vibaya. Kila wiki Miss Vasanti anatugawia kadi za matokeo. Nimewekewa vikwazo: hospitali zangu hazina dawa, wanafunzi wangu walioko nje wamerudishwa. Nikawaambia wananchi wavumilie, tuna heshima sasa. Sendi naye amerutubisha ya kwake. Jirani wa tatu ameanza kuuliza bei. Nilidhani nikiwa na kitu mlimani nitalala, kumbe sasa wote tuko macho.

Alhamisi iliyopita nilipewa kadi inayosema: mitambo yako imeona makombora yakija kutoka Sendi, una dakika nne. Nilingoja. Dakika ya tatu kadi ya pili ikasema walikuwa ndege, korongo wanaohama. Nikapumua. Kumbe Rupal upande wa pili alipewa kadi hiyo hiyo, na yeye alikuwa ameshashika kalamu kutia saini amri ya kurusha ya kwake. Nilimwona, Babu. Alikuwa ananitazama mimi, siyo kadi. Hajaongea nami tangu siku ile, hata kituoni. Niliamka mapema zaidi kama ulivyosema. Amebadilisha kituo.

Tarehe 22 Mei ndiyo mwisho, Harrow, mbele ya watu mia mbili. Maruba italipua bomu la majaribio au itaacha. Nikilipua, nitabaki Maruba. Nikiacha, naogopa nitarudi kuwa yule wa dawati. Na vyovyote iwavyo sijui nitampataje Rupal.

Kwa hiyo niambie kweli. Ulipokwisha kushinda, ulikuwa mkubwa zaidi?

Elinaja


Wembley
3 Mei 2025

Babu,

Shikamoo. Karibu mwezi mzima. Baba anasema kwenye simu unazungumzia tangawizi tu. Kama nimekuumiza, nisamehe. Kama barua imepotea njiani, sahau hii pia.

E.


Suji
6 Mei 2025

Mjukuu wangu Elinaja,

Barua hii nampa Generosa mkononi. Anarudi London tarehe kumi, na posta siwezi kuitegemea kwa jambo hili.

Sitasema habari za goti. Barua yako ya Aprili imekaa chini ya Biblia wiki mbili na nusu. Kila nilipofungua Biblia niliiona, nikaacha kusoma Biblia pia, mpaka nikaona hii sasa ni hatari ya pande mbili.

Yule mbuzi alikuwa wa bibi yako. Alimlea kwa mkono, mama yake alipokufa, kwa maziwa ya chupa. Mbuzi huyo alimfuata mpaka kanisani akawa anafukuzwa mlangoni. Bibi yako alipofariki, kitu cha mwisho kilichokuwa kikitembea na harufu ya mikono yake kilikuwa mbuzi yule. Severin hakujua. Angejuaje? Alifanya kilicho haki ya mtani. Mtani ndiye anayeruhusiwa kufungua zizi siku ya msiba, kuchungulia vyungu, kuvaa koti la marehemu na kumwigiza, ili wenye msiba wasife kwa uchungu. Na mimi ningesema neno moja tu, "Siyo huyo," angemfungua akaniletea. Sikulisema. Watu walikuwa wanacheka, nikajiona nimekuwa kidogo kama punje ya ulezi. Nikasema moyoni, nitawaonyesha.

Hakimu wa kwanza aliniuliza, "Mzee, unataka mbuzi au unataka nini?" Nikamjibu nataka haki. Alikuwa na akili yule hakimu. Aliniona.

Umeuliza kama nilikuwa mkubwa zaidi. Kwa urefu wa zile ngazi, ndiyo. Nilipofika chini nikatafuta wa kumwonyesha karatasi, nikakuta wa kumwonyesha hasa ni Severin mwenyewe, maana ndiye angeniambia neno la kunichekesha. Kesho yake akaleta mbuzi wa fidia, kama mahakama ilivyoagiza. Ndiye huyo mwenye miguu myeupe. Akamfunga langoni, hakuingia.

Mwaka jana tulimzika ndugu yangu. Wachagga walikuja wote. Wakapanga mstari, mikono nyuma, wakasema "Pole sana, mzee," wakakaa. Hakuna aliyegusa chungu. Hakuna aliyenitania hata kwa jicho. Waliniogopa, kwa kuwa mimi ni mtu anayeshitaki. Elinaja, hakuna kitu kinachotisha kama mtani anayekuheshimu. Heshima nimeipata. Sina wa kunichungulia nyumbani, naweza kufa na vyungu vyangu vimefunikwa.

Sikuambii Maruba ifanye nini. Hofu yake ni ya kweli na dharau iliyotendewa ni ya kweli. Nakwambia tu kwamba kabla hujaenda kwa hakimu kuna neno, na neno lile huwa fupi.

Babu yako


Wembley
25 Mei 2025

Babu, Babu, Babu,

Shikamoo. Generosa alinipa barua yako kanisani tarehe 18. Niliisomea chooni, ibada ikiendelea, nikarudi macho mekundu, wakadhani nimeokoka.

Nyumbani wote wazima, habari zao baadaye, siwezi kungoja.

Nilikaa na barua yako siku mbili. Kilichokuwa kinanizunguka kichwani ni hili: mtani ndiye anayeruhusiwa kuchungulia vyungu. Nikaanza kutafuta kama kuna nchi zimewahi kufanya hivyo, nikakuta zipo. Brazil na Argentina. Zilikuwa zinashindana, kila moja na mitambo yake, kila moja ikiwaza mwenzake anaficha nini. Mwaka 1991 zikaanzisha ofisi moja ya kukaguana: Mbrazili anakagua kwa Mwajentina, Mwajentina anakagua kwa Mbrazili. Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Nickson akaja kuuliza nimeumia wapi.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wazazi walikuwepo, Baba akiwa na sare ya kazi, Mama amefunga kilemba cha harusi. Zamu ya Maruba ikafika. Wote waliamini nitalipua, hata Nadim alikuwa ameandaa hotuba ya kulaani, niliiona. Safari hii sikuchagua mtu wa nyuma. Nilimtazama Rupal, mstari wa kwanza.

Nikasema Maruba haitalipua. Nikasema hatuachi kwa kuogopa vikwazo, na uvamizi hatujausahau, na lile swali la mlango bado tunawauliza ninyi mlioshika bunduki. Tutafungua mlima wetu kwa sharti moja: atakayetukagua awe Sendi, na sisi tuikague Sendi, siku yoyote, bila hodi.

Nadim akasimama. Akauliza kwa dharau ya Nchi Kubwa, kwa nini nichague adui yangu wakati kuna marafiki.

Nikamjibu, "Kwa sababu rafiki ataona haya kuangalia chini ya kitanda changu. Sendi hataona haya."

Halafu nikasema lile neno fupi, halikuwemo kwenye karatasi yangu. Nilimwambia Rupal kwamba tangu siku ya korongo Maruba imekuwa ikiogopa, na ilipaswa kusema mapema, na inaomba radhi kwa kujenga mlima wakati ingeweza kuuliza.

Rupal akasimama taratibu. Akarekebisha miwani. Akasema Sendi inakubali, na kwamba wakaguzi wake wataanzia jikoni kwa Maruba, maana kuna taarifa za muda mrefu kwamba chapati zinafichwa huko kabla wageni hawajafika. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Babu, walikuwa wananicheka mimi, watu mia mbili, na sikuwa punje ya ulezi. Nilikuwa nacheka kuwashinda.

Kura: thelathini na moja zimekubali, nne zimekataa. Maruba imepewa kiti kwenye kikao cha wakubwa. Vikwazo vimeondolewa. Jirani wa tatu naye ameacha kuuliza bei. Na tuzo ya ujumbe bora wa siku imegawanywa mara mbili, nusu yangu, nusu ya Rupal. Miss Vasanti, ambaye kumbe babu yake alikuwa na duka Arusha, alinishika bega akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anavua samaki mmoja mmoja, "Umesema vizuri, mwanangu."

Rupal alikuja kwetu Jumamosi. Alifungua sufuria zote. Alikuta chapati.

Na Ijumaa darasani mwalimu wa kemia aliuliza swali, mkono wangu ukanyooka wenyewe. Jibu lilikuwa kosa. Nililisema lote.

Sasa, Babu. Mbuzi mwenye miguu myeupe bado yupo?

Elinaja


Marangu
14 Juni 2025

Mjukuu wangu Elinaja, mwenye mkono na mdomo,

Marahaba. Soma tena hapo juu nilipoandika mahali. Sijakosea.

Barua yako imefika Jumatatu, pamoja na kile kikaratasi chako cha tarehe tatu Mei kilichokuwa kimelala posta. Nimeisoma mara nne. Wazee wa kanisa wamesomewa, na yule aliyeuliza mkoa sasa anadai Maruba ni kwa mjomba wake. Watu wa Suji wanajua kwamba mtoto wetu amezuia bomu kule Harrow. Nimejaribu kueleza kwamba lilikuwa la kubuni, hawataki kusikia, nami nimeacha kusisitiza.

Umeuliza habari za mbuzi. Jana nilikodi pikapu ya jirani, nikampakia yeye na mapacha wake wawili, nikapanda mlima wa watu. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, mengi, yenye vifungu. Severin alikuwa langoni anapogoa migomba. Amezeeka yule. Akanitazama, akawatazama mbuzi, hakunisalimu. Mimi nikasema lile fupi. Nikasema, "Yule alikuwa wa mke wangu. Nilipaswa kukwambia."

Akaweka panga chini. Kisha akaniuliza, "Mpare, hawa watatu ni riba, au umekuja kukata rufaa?"

Miaka sita sikuwa nimesikia hilo neno Mpare likitamkwa namna ile. Tukaingia ndani. Jikoni kulikuwa na moshi, nikakohoa kidogo, nikafuta macho. Mbuzi mmoja wa mapacha tumempa jina la Rupal, kwa kuwa anapekua kila mahali. Tumekubaliana kwamba mwezi ujao Severin atashuka Suji kunikagua, bila hodi. Mama yako nimempigia simu hapa hapa, Severin akaishika, spika wazi. Mama yako ndiye aliyekohoa zaidi, kule kwenu kumbe pia kuna moshi.

Umetushinda wote, mjukuu. Umeshinda bila kumwacha mtu nyuma, jambo ambalo mimi kwa hukumu yenye muhuri sikuliweza.

Babu yako,
Elkana


Elinaja mjukuu wangu, mimi ni Babu Severin. Nimeifungua barua hii kabla haijatiwa gundi, kwa haki yangu ya mtani, nikaikagua mstari kwa mstari. Mengi ni kweli. Ila Mpare ameficha kitu kimoja: jikoni kwangu hakuna moshi, tunapikia gesi.